Kibaba cha Kompyuta

Leo tuanzie dukani, duka la enzi zile mchele ulipopimwa kwa kibaba. Wazee wetu wa pwani walikuwa na ngazi ya vipimo inayopanda mara mbili mara mbili: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Ukishuka chini ya kibaba, unagawa kwa mbili vilevile: nusu, robo, halafu thumuni, yaani moja ya nane. Kwa vyombo hivyo vichache muuza duka aliweza kupima mengi bila ugomvi. Mteja akitaka robo tatu, anapewa nusu na robo. Akitaka tano ya nane, anapewa nusu na thumuni.

Sasa aje mteja mwingine aseme: nipimie moja ya kumi ya kibaba, isizidi wala isipungue hata punje. Thumuni itazidi. Muuza duka atagawa thumuni kwa mbili, apate moja ya 16. Hiyo haitoshi, ataongeza moja ya 32. Bado. Moja ya 64 ingezidi, moja ya 128 nayo ingezidi, kwa hiyo ataziruka na kuongeza moja ya 256, kisha moja ya 512. Amekaribia sana, ila hajafika. Hata akipima mpaka alfajiri, atabaki anakaribia tu. Mikono yake haina kosa. Sehemu ya kumi haijengeki kwa kugawa mbili mbili, kama vile theluthi isivyoandikika kwa desimali: unaandika 0.333, na tatu zinaendelea bila kikomo.

Kompyuta, wasikilizaji, ni huyo muuza duka. Ndani yake kila kitu huandikwa kwa alama mbili, sifuri na moja. Kila alama huitwa biti, na biti nane hufanya baiti moja. Namba yenye sehemu hupimwa humo kwa nusu, robo, thumuni na kuendelea kushuka, mpaka nafasi iishe. Chukueni lugha ya Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na ambayo vijana wetu wengi leo huanza nayo wanapojifunza kuandika programu. Iambieni ijumlishe 0.1 na 0.2. Mtoto wa shule ya msingi atawajibu 0.3. Python itawajibu 0.30000000000000004. Mwenye kalamu aandike: ni tatu, halafu sifuri 15, halafu nne. Mwenye kompyuta karibu ajaribu tunapoendelea kuzungumza.

Mara ya kwanza nilipoliona jibu hilo niliamini kwamba mashine imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha, nikarudia, jibu likawa lile lile. Nikamwomba jirani anijaribie kwenye yake, ikatoka namba ile ile mpaka tarakimu ya mwisho. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lipo jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilisema kwa kila kijana ninayemkuta ameshika kompyuta na ana nia ya kuandika programu ya watu.

Jambo lenyewe ni hili. Namba iliyo ndani ya kompyuta inakaa kwenye kisanduku, na kisanduku kina ukubwa wake. Kisanduku cha kawaida cha namba yenye sehemu kina biti 64. Biti moja inasema kama namba ni chanya au hasi. Biti 11 zinasema nukta ikae wapi. Biti 52 zilizobaki zinabeba tarakimu zenyewe. Kwa kuwa nukta haikupigiliwa mahali pamoja, namba za aina hii huitwa namba za nukta inayoelea: nukta iko kama boya, inasogea kushoto au kulia kufuata ukubwa wa namba. Kisanduku hicho kinatunza tarakimu 15 kwa uhakika. Kipo pia kisanduku kidogo, cha biti 32: moja ya alama, 8 za mahali pa nukta, 23 za tarakimu. Hicho kinatunza tarakimu 6 au 7 tu, lakini kinachukua nusu ya nafasi.

Utaratibu huu una mwenyewe. Zamani kila kiwanda cha kompyuta kilikuwa na hesabu zake, na programu ile ile ikihamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine ilitoa majibu tofauti. William Kahan, mwanahisabati mzaliwa wa Canada aliyefundisha Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alikuwa mstari wa mbele katika kazi ya kuvikubalisha viwanda kanuni moja. Kanuni hiyo ilitangazwa mwaka 1985, inaitwa IEEE 754, na simu mliyo nayo mfukoni inaifuata. Mwaka 1989 Kahan alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta hakuna iliyo juu yake. Ndiyo maana jirani yangu alipata kosa lile lile nililopata mimi. Na huo ni msaada mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu kosa linalojulikana na linalofanana kila mahali mtu anaweza kulikadiria na kulizuia.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Watu wakisikia habari za usahihi wanadhani hasara iko kwenye tarakimu za mbali baada ya nukta, vumbi la hesabu, lisilomhusu mtu wa kawaida. Hasara haikai huko peke yake. Fikirieni rula ambayo alama zake zinaachana kadiri unavyokwenda mbali na sifuri. Karibu na sifuri zimebanana kama meno ya kitana. Mbele zaidi zinaachana, na mbele kabisa pengo kati ya alama na alama linafika moja nzima, kisha mbili, kisha nne. Kwenye kisanduku cha biti 32, namba kamili zote zinapatikana mpaka 16,777,216. Baada ya hapo, 16,777,217 haipo. Ukimwambia muuza duka wetu aiandike, ataandika 16,777,216 na kuendelea na kazi yake bila kukuambia neno.

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Hebu tuseme kijana ameandika programu ya kuhesabu watu hao mmoja mmoja, akaweka jumla kwenye kisanduku cha biti 32 cha nukta inayoelea. Programu itahesabu vizuri: milioni moja, milioni kumi, milioni kumi na sita. Ikifika 16,777,216 itasimama. Itaongeza mmoja, na jibu litakuwa 16,777,216. Itaongeza mwingine, vivyo hivyo. Watu karibu milioni 45 watapita mlangoni na namba haitasogea, na hakuna kengele itakayolia, kwa sababu kwa kanuni za mashine hakuna kosa lililotokea.

Na sisi tunaotumia shilingi lazima tuwe macho kuliko watu wa dola. Anayehesabu dola anaweza kuendesha duka la mtaani miaka mingi asifike milioni kumi na sita. Shilingi milioni kumi na sita za Tanzania hazinunui hata gari jipya. Jumla ya chama cha akiba na mikopo inazipita mapema sana. Andika shilingi 50,000,050 kwenye kisanduku hicho: itasomeka 50,000,048. Shilingi mbili zimeondoka, na mhasibu atakesha akizitafuta kwenye stakabadhi ambazo hazina kosa lolote. Kwenye MySQL, ghala la taarifa ambalo mifumo mingi midogo inalitumia, ukiita safu ya jedwali FLOAT unapewa kisanduku hicho hicho cha baiti 4. Jina linavutia, masomo ya wanaoanza yanalitaja, na kijana analiweka kwenye safu ya malipo akiamini amefanya jambo la kawaida.

Je, basi tuseme kila mahali tutumie kisanduku kikubwa na habari iishe? Hapana, maana kumbukumbu ya kompyuta nayo ina mipaka, na Python hasa ni lugha yenye mkono mpana. Namba moja ya nukta inayoelea katika Python inachukua baiti 24. Namba yenyewe ni baiti 8 tu. Baiti 8 nyingine zinasema hiki ni kitu cha aina gani, na 8 nyingine zinahesabu ni sehemu ngapi za programu zinakitumia kwa sasa, ili kisipotumika kitupwe. Ukiiweka namba hiyo kwenye orodha, orodha inaongeza baiti 8 za anwani ya kuonyesha ilipo. Jumla baiti 32, kubeba mzigo wa baiti 8. Ni kama kusafirisha kilo ya sukari ndani ya kasha la kilo tatu.

Namba milioni moja zitachukua megabaiti 32, na hapo hakuna atakayelalamika. Lakini mwanafunzi anayechambua vipimo vya mvua milioni 200 kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 atahitaji gigabaiti 6.4. Mashine itaanza kuburuzika, kisha itaganda, na yeye atadhani anahitaji kununua nyingine. Akitumia NumPy, maktaba ya Python inayopanga namba zikiwa zimebanana bila makasha, namba zile zile zitakaa kwenye gigabaiti 1.6. Akichagua biti 32, zitakaa kwenye gigabaiti 0.8. Na hapo biti 32 ni chaguo zuri kabisa. Kipimo cha mvua kinasomwa kwa sehemu ya kumi ya milimita. Tarakimu saba zinakitosha na kubaki. Kumpa tarakimu 15 ni kumpa usahihi ambao chombo cha kupimia mvua hakijawahi kuwa nao. Ajihadhari na jambo moja tu: anapojumlisha, jumla aiweke kwenye biti 64.

Wanaotengeneza akili bandia wamekwenda mbali zaidi. Mfumo wa lugha wenye namba bilioni 7 ndani yake unataka gigabaiti 28 kwa biti 32. Kwa biti 16 unataka 14, na kwa biti 4 unataka 3.5. Google walibuni kisanduku cha biti 16 kiitwacho bfloat16, chenye biti 7 tu za tarakimu, na kazi inakwenda, kwa sababu jibu linatoka kwa mabilioni ya namba kwa pamoja na kosa la moja linamezwa na nyingine.

Kwa hiyo sisemi kisanduku kidogo ni kibaya. Nasema aliyekichagua ajue amekichagua, na ajue kinabeba nini. Nitawaeleza kwa nini nalisema hili kwa uzito.

Dhahran iko mashariki mwa Saudi Arabia, karibu na maji ya Ghuba. Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud lililorushwa na Iraki liliangukia kambi ya askari wa Marekani na kuua 28. Kulikuwa na betri ya makombora ya Patriot iliyowekwa palepale kwa kazi hiyo moja, kuyaangusha makombora yanayokuja. Betri ilikuwa imewashwa, ilikuwa inafanya kazi, na haikurusha kitu.

Kompyuta ya Patriot ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Hapo, wasikilizaji, amerudi mteja wetu wa moja ya kumi ya kibaba. Kupata sekunde, mashine ilizidisha hesabu yake kwa 0.1, na hiyo 0.1 ilikatwa ili ienee kwenye biti 24. Wataalamu watanisahihisha kwamba nukta ya pale haikuwa inaelea, ilikuwa imefungwa mahali pamoja, na ni kweli. Maradhi ni yale yale. Kilichokatwa kilikuwa kama sekunde 0.000000095 kwa kila pigo. Kupepesa jicho ni mlima ukilinganisha. Lakini mapigo ni kumi kwa sekunde, na betri ile ilikuwa imewashwa saa 100 mfululizo. Zidisheni wenyewe: mapigo milioni 3.6, kila moja likidondosha kipunje chake. Saa ya mashine ikawa imekosea kwa theluthi moja ya sekunde, 0.34.

Scud hukata zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde. Rada ililiona kombora mara ya kwanza, kompyuta ikakadiria mahali pa kulitazama tena, na kwa kosa la saa ikatazama mita 687 pembeni. Pale ilipotazama hapakuwa na kitu. Ikaamua kwamba ilichoona mwanzo kilikuwa kivuli tu, ikakifuta.

Linaloniumiza zaidi katika habari hii ni yaliyotangulia usiku huo. Tarehe 11 Februari, wiki mbili kabla, Waisraeli waliokuwa na mitambo kama hiyo waliwaambia Wamarekani kwamba wameona ikipoteza usahihi baada ya kuwashwa saa 8 mfululizo. Programu ikaanza kurekebishwa. Tarehe 21 Februari vikosi vilitumiwa ujumbe kwamba mtambo ukiwashwa muda mrefu sana unaweza kukosea. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Ujumbe haukutaja. Kuzima na kuwasha kungerudisha saa kwenye sifuri, kazi ya dakika chache. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya watu kufa.

Nimesimulia haya mbele ya wanafunzi mara nyingi, na kila mara yuko mmoja anayesema: lakini sisi hatuandiki programu za makombora. Ni kweli. Mnaandika programu za vikoba, za ada za shule, za mizani ya kununulia kahawa na korosho. Mkulima anayepokea karatasi iliyochapwa na mashine yenu hana njia ya kukagua biti. Anaamini karatasi kwa sababu imetoka kwenye kompyuta.

Basi fedha msiiweke kwenye nukta inayoelea, iwe ya biti 32 au 64. Ihesabuni kwa namba kamili: senti, au shilingi nzima kama senti hamzitumii. Namba kamili kwenye Python haina ukomo, inaongezewa nafasi kadiri inavyokua, na haipotezi hata moja. Mkihitaji desimali, kama kwenye riba au kodi, Python ina zana iitwayo Decimal inayohesabu kwa kumi kama tunavyohesabu sisi, na MySQL ina safu ya DECIMAL. Ni nzito na ni za polepole kidogo. Kwa hesabu za chama hamtauona uzito huo. Ila muiandikie Decimal namba ikiwa ndani ya alama za kunukuu, kama maneno. Mkiipa 0.1 tupu, itakuwa imeshapita kwa muuza duka na kuharibika kabla haijafika, na Decimal itaitunza kwa uaminifu ikiwa na ubovu wake.

Kwa vipimo vya kweli, joto, mvua, umbali, nukta inayoelea ndiyo yenyewe. Huko msiulize kamwe kama namba mbili ni sawa sawia. Ulizeni kama zinakaribiana, na Python ina isclose kwa kazi hiyo. Mkijumlisha vipimo vingi, tumieni fsum, inayookota vipunje vinavyodondoka. Kahan yule yule aliandika mwaka 1965 mbinu ya kuokota masalio hayo, na tangu toleo la 3.12 la mwaka 2023, hata sum ya kawaida ya Python inajumlisha kwa mbinu ya ukoo huo. Imechukua miaka 58 kufika kwenye mikono ya mwanafunzi asiyejua kwamba anasaidiwa.

Kijana unayenisikiliza, wewe uliyeandikia chama cha mama yako programu ya kuhesabia michango: usisubiri jumla ikatae kulingana. Ifungue usiku huu, nenda kwenye jedwali la malipo, tazama safu ya kiasi imeitwa nini. Ukikuta FLOAT, nakili kwanza taarifa zote pembeni, ibadilishe safu iwe DECIMAL, kisha kaa na mweka hazina mlinganishe jumla na daftari lake la karatasi, mstari kwa mstari.